Barua ya Gigiri Ikifika Thika

Ndugu msomaji, iwapo hujawahi kuketi ndani ya matatu ya Thika asubuhi ya Jumatatu, hujui jinsi gari moja linavyoweza kubeba safari nyingi. Huyu anakimbilia kazini Nairobi, yule anarudi chuoni Juja, na mama aliyeketi karibu na dirisha, amekumbatia bahasha ya khaki magotini, huenda anaelekea mbali kuliko wote. Ndani ya bahasha hiyo mna cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, picha za harusi na barua inayomtaka afike Gigiri siku fulani, saa fulani, akahojiwe kuhusu ndoa yake. Mumewe yuko Marekani, naye ameomba kumfuata.

Leo twende pamoja katika barabara hiyo, kutoka Thika kupitia Ruiru hadi Gigiri. Na tukiwa njiani tuzungumzie jambo linalozitatiza familia nyingi za miji hii miwili: tarehe ya mahojiano inapogongana na safari. Shangazi anazikwa Murang'a. Mwana ana mtihani. Mume amekwisha kata tiketi ya kuja nyumbani Disemba. Je, ni kipi kisogezwe, mahojiano au safari?

MJI WA MITO MIWILI

Thika uko umbali wa kilomita 40 na ushei kaskazini mashariki mwa Nairobi. Reli iliufikia mwaka 1913, na baadaye viwanda vikawa vingi kiasi cha watu kuupachika jina la "Birmingham ya Kenya". Ukitoka mjini kuelekea upande wa Murang'a, unakutana na hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa mwaka 1908 kati ya mito miwili, Chania na Thika. Hapo utayaona maporomoko ya mito yote miwili bila ya kutembea sana. Mbele zaidi ni mashamba ya mananasi ya Del Monte, yaliyonyooka kama daftari lililopigwa mistari.

Mgeni anayekuja Thika kwa mapumziko huyatazama maji hayo, akanunua nanasi kando ya barabara, akarudi zake. Wenyeji wana shughuli nyingine hapa, nayo ni ndoa. Katika desturi ya Wakikuyu, ndoa si jambo la siku moja. Kuna kuhanda ithigi, yaani kupanda tawi kama ishara kwamba binti ameshaposwa. Kuna ruracio, siku ya mahari. Kisha kuna ngurario, ambapo mbuzi huchinjwa na ndoa ikakamilika mbele ya wazee. Jamaa walio ng'ambo hupenda kuzipanga siku hizi mwezi wa Disemba, likizo inapowaruhusu kuja. Ndipo barua ya ubalozi inapoingia katikati ya mipango, mahema yamekwisha kodiwa na wazee wamekwisha arifiwa.

Kabla ya kufikiria kusogeza chochote, msomaji, jiulize kwanza swali hili: mbele ya sheria, wewe ni mke au ni mchumba?

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote zina hadhi moja, na zote zinapaswa kusajiliwa. Usajili wa ndoa za kimila ulianza rasmi tarehe 1 Agosti, 2017. Kwa hiyo ngurario iliyokamilika si sherehe tu ya kula nyama na kupiga picha. Ni ndoa.

Jambo hili lina uzito mkubwa huko Gigiri. Anayeomba viza ya mke au mume anahitaji cheti cha ndoa, na picha za ruracio, hata zikijaa albamu tatu, hazishiki nafasi ya cheti. Kwa upande wa pili, anayeomba viza ya mchumba anatakiwa awe hajaolewa. Binti akifanyiwa ngurario mwezi wa Novemba, kisha mwezi wa Januari akaenda kuhojiwa kama mchumba, afisa anaweza kumwambia kwamba yeye si mchumba tena bali ni mke wa mtu, na ombi lote likaanguka. Kwa hiyo kabla wazee hawajakubaliana juu ya siku ya mbuzi, ni vyema wajue binti ameombewa viza ya aina gani. Wapo waliosogeza mahojiano ili sherehe ifanyike kwanza, kumbe sherehe yenyewe ndiyo iliyokuwa hatari.

TUKIPITA JUJA NA RUIRU

Matatu inashika Thika Road, barabara kuu iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki tarehe 9 Novemba, 2012. Tunapita Juja, penye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichoanza mwaka 1981. Punde si punde tunaingia Ruiru.

Zamani jina la Ruiru liliandamana na kahawa. Ni katika kituo cha utafiti cha hapa ilikotoka aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa kuwa inastahimili ugonjwa unaoshambulia buni. Leo mashamba mengi yamekatwa ploti na nyumba za ghorofa zimeota mahali pa mibuni. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba mji wa Ruiru umekwisha ipita Thika kwa wingi wa watu. Wengi ni familia changa, na si haba zilizo na mtu wao ng'ambo: Marekani, Uingereza, au katika nchi za Ghuba.

Hapa Ruiru ndipo panapofaa tuifungue bahasha ya khaki na kukagua yaliyomo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi za ndoa ni vivyo hivyo, kwa maana kila moja ina siku zake.

Kuna cheti cha tabia njema kinachotolewa na idara ya upelelezi, DCI. Ombi lake hufanywa kupitia eCitizen, kisha unapigwa alama za vidole. Wengi hukumbuka cha Kenya peke yake. Lakini mtu aliyewahi kufanya kazi Saudi Arabia, Qatar au Dubai kwa miezi 12 au zaidi, akiwa na umri wa miaka 16 na kuendelea, hutakiwa pia kuleta cheti cha polisi wa nchi hiyo. Kukipata ukiwa Ruiru, mwajiri wa zamani akiwa hapokei simu, si kazi ya wiki moja. Jambo hili lishughulikiwe mapema, wala si baada ya kupewa tarehe.

Kuna uchunguzi wa daktari, unaofanywa na madaktari walioidhinishwa na ubalozi pekee. Daktari wa mtaani, hata awe bingwa, hatambuliwi kwa kazi hii. Matokeo yake kwa kawaida hayadumu zaidi ya miezi 6, na kwa baadhi ya watu huwa ni muda mfupi zaidi. Viza yenyewe haipewi maisha marefu kuliko uchunguzi huo. Ukienda kwa daktari mwezi wa Machi, kisha ukasogeza mahojiano hadi Agosti, unaweza kupata viza yenye wiki chache tu za kusafiria, au ukaamriwa kupimwa upya na kulipa tena.

Kuna hati ya yule aliye Marekani ya kuahidi kukutunza. Hapo huangaliwa mapato yake, ambayo kwa kawaida hutakiwa yafikie asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali ya huko. Kiwango hicho hubadilika kila mwaka. Mahojiano yakivuka mwaka, huenda karatasi mpya za kodi zikahitajika.

Unaona basi, msomaji, kwamba kusogeza tarehe si kama kumwambia fundi cherehani akupe gauni wiki ijayo. Ukiivuta siku moja, karatasi nyingine zote zinavutika pamoja nayo.

KIPI KISOGEZWE?

Hebu tupime visa vyenyewe.

Kisa cha kwanza ni cha mume aliye Marekani ambaye ratiba ya kazi haimruhusu kuwa Nairobi siku ya mahojiano. Familia nyingi huingiwa na hofu, wakaomba tarehe nyingine ili mume awepo. Hofu hiyo haina msingi. Kwa mahojiano ya ubalozini Nairobi, anayehojiwa ni mwombaji wa viza, na kuwepo kwa mwenzake aliyeko Marekani si sharti. Kumbukumbu za simu, risiti za fedha alizotuma, tiketi za safari alizokuja na picha za miaka mbalimbali vitamsemea. Aje Disemba kama alivyopanga, nawe nenda Gigiri siku uliyopewa.

Kisa cha pili ni cha mwombaji mwenyewe kuwa na safari. Kama ni matembezi ya Mombasa, harusi ya rafiki, au ziara inayoweza kungoja, basi sogeza safari. Nauli ya gari moshi ni ndogo mno ikilinganishwa na miezi ambayo unaweza kungoja nafasi nyingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na aghalabu anayeumia zaidi ni mtoto anayeuliza kila jioni ni lini atamwona baba.

Kisa cha tatu ni cha msiba, ugonjwa, kujifungua, au mtihani wa taifa. Hapa hakuna aibu kuomba tarehe nyingine. Mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye mahojiano yake yameangukia siku ya KCSE asilazimishwe kuchagua kati ya karatasi ya Hisabati na viza. Mzazi aombe mapema, kwa njia iliyoelezwa katika maagizo ya ubalozi wenyewe, aeleze sababu kwa ufupi na kwa ukweli, kisha ahifadhi nakala ya alichoandika na jibu alilopewa. Jambo baya ni kunyamaza na kutokwenda. Sheria ya Marekani inaruhusu ombi kufutwa ikiwa mwombaji, baada ya kuarifiwa, atakaa mwaka 1 bila ya kulifuatilia. Miaka ya kungoja ikapotea, na kazi ikaanza upya.

Tukiwa bado kwa watoto, kuna tofauti ambayo wazazi wengi hawaijui. Ikiwa mume ni raia wa Marekani, kila mtoto anahitaji ombi lake mwenyewe, haingii chini ya bawa la mama. Tena mtoto wa kambo hukubaliwa tu ikiwa ndoa ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Ikiwa mume ni mkaaji wa kudumu, yaani ana ile kadi wengi wanayoiita grini kadi, mtoto anaweza kufuatana na mama katika ombi moja. Lakini viza za kundi hili zina idadi maalum kwa mwaka, na zamu hutangazwa kila mwezi. Zamu hiyo huweza kurudi nyuma. Aliyesogeza mahojiano kwa miezi miwili anaweza kukuta mlango uliokuwa wazi umefungwa, akaanza kuungoja ufunguliwe tena. Mtoto anayekaribia miaka 21 asisogezewe tarehe kabla ya kumuuliza wakili anayeijua sheria hiyo.

Kisa cha nne ni cha tiketi iliyokwisha nunuliwa. Ubalozi hushauri watu wasinunue tiketi ya kuhama, wasiuze shamba wala kuacha kazi, hadi viza iwe imo ndani ya pasipoti. Aliyenunua tiketi ya wiki moja baada ya mahojiano, akitumaini kuharakishiwa, amejitia mwenyewe katika dhiki. Karatasi moja ikikosekana, ombi huwekwa kando hadi iletwe.

MIAKA MIWILI YA NDOA

Kuna tarehe nyingine inayostahili kutiwa alama katika kalenda ya ukutani, nayo ni siku ndoa yako itakapotimiza miaka 2. Ukiingia Marekani kabla ya siku hiyo, unapewa ukaaji wa masharti wa miaka 2. Kisha katika siku 90 za mwisho kabla haujaisha, wewe na mwenzako mnatakiwa muombe masharti hayo yaondolewe, na kuthibitisha tena kwamba ndoa yenu ni ya kweli. Ukiingia baada ya miaka 2 kutimia, masharti hayo hayapo.

Baadhi ya watu wakisikia haya hukimbilia kusogeza mahojiano. Hakuna haja ya pupa hiyo. Kinachohesabiwa ni siku ya kuingia Marekani, si siku ya kuhojiwa. Ikiwa zimesalia wiki tatu ndoa itimize miaka 2, na viza yako ina miezi kadhaa, basi hojiwa kama ulivyopangiwa, kisha ipange siku ya ndege.

KWA WALIOKO HUKO TAYARI

Barua hii ya Jumapili husomwa pia na wanaotumiwa magazeti na jamaa zao, kwa hiyo na wao tuwape neno. Mtu aliyefunga ndoa akiwa Marekani na kuomba ukaaji akiwa huko huko huhojiwa na idara ya uhamiaji ya huko, na kwa kawaida mume na mke huitwa pamoja. Mmoja akiwa na safari siku hiyo, ni lazima waombe tarehe nyingine kabla ya siku kufika, wakifuata maagizo yaliyo kwenye barua, na sababu iwe nzito. Asiyefika na asiyeomba huhesabiwa kuwa ameliacha ombi lake.

Na liko jambo kubwa zaidi. Mama akifariki Thika, na mtoto wake aliyeko Dallas akapanda ndege kuja kumzika ilhali ombi la ukaaji bado linaamuliwa, naye hana ruhusa ya kusafiri aliyopewa mapema, kwa waombaji walio wengi ombi hilo huhesabiwa kuwa limetupwa. Anaweza kumzika mama, kisha asiweze kurudi kwa mkewe. Ziko njia za kuomba ruhusa ya dharura wakati wa msiba. Ndugu walio nyumbani wasimwite mtu asiye na huruma kwa kuwa ameuliza kwanza.

GIGIRI

Kutoka Thika Road, barabara ya Northern Bypass inakupeleka upande wa Runda na Ruaka, na Gigiri iko karibu. Wasomaji wa makamo wanakumbuka kwamba ubalozi wa Marekani haukuwa huku. Ulikuwa katikati ya jiji, mahali palipolipuliwa kwa bomu tarehe 7 Agosti, 1998, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Leo mahali hapo ni bustani ya kumbukumbu. Hii ndiyo sababu ulinzi wa Gigiri ni mkali. Usije na mabegi, wala usije umechelewa ukidai kwamba kulikuwa na msongamano Githurai. Anayetoka Thika aondoke alfajiri.

Ndani huulizwa mambo ambayo wanandoa wa kweli huyajua: mlikutanaje, nani alikuja siku ya mahari, mwenzako hufanya kazi gani, mara ya mwisho mlionana lini. Usikariri majibu ya mtu mwingine. Na jihadhari na madalali wanaozunguka mijini wakidai wanaweza kukusogezea tarehe kwa malipo. Njia ya kuomba tarehe imo katika maagizo rasmi, na kila mmoja anaweza kuifuata. Tena masharti ya uhamiaji ya Marekani yamebadilika mara kwa mara, hasa tangu mwaka 2025, kwa hiyo soma tangazo jipya la ubalozi kabla ya kufuata alichokwambia jirani aliyesafiri zamani.

Wala tusidhani kwamba ni sisi tu tunaohojiwa. Wageni waliooa au kuolewa Thika na Ruiru nao hupanga foleni Nyayo House. Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu aliyeishi katika ndoa na Mkenya kwa miaka 7 kuomba uraia, awe mwanamume au mwanamke. Katika katiba ya zamani, nafasi ya kupata uraia kwa njia ya ndoa ilikuwa ya wake wa Wakenya, na mume mgeni wa binti wa Kikenya hakuwa nayo.

Basi, msomaji, barua ikifika, usikimbilie simu kuahirisha wala usianze kulia. Keti na jamaa zako mezani, mwandike tarehe zote katika karatasi moja: mahojiano, daktari, pasipoti, mtihani, sherehe, tiketi, na ile miaka 2 ya ndoa. Kila tarehe muiulize: hii ikisogea, ni nani atakayeumia? Ile isiyomuumiza mtu ndiyo isogezwe kwanza. Mara nyingi itakuwa safari, na mara chache itakuwa mahojiano. Ikiwa ni mahojiano, ombeni mapema na kwa maandishi, siku ya kwanza mnapojua kwamba hamtaweza.